Mistari Mitatu ya Profesa Brodkin

Washington, 4 Oktoba 2006

Kahtan, ndugu yangu,

Kwa heshima zote zinazostahili tukio la uzito huu, natangaza rasmi kwamba kuanzia Jumatano ijayo Taasisi ya Uhuru na Azma haitatoa tena sandwichi za bata mzinga kwenye chakula chake cha mchana. Mkurugenzi wetu, Haverkamp, alisimama kulitangaza, akakohoa, akasema jambo hilo limetafakariwa kwa kina na ngazi zote za uongozi. Sasa tutakula saladi. Miaka kumi na minane nimekaa kwenye meza ile, kadi yenye jina langu mbele yangu na sandwichi ya bata mzinga mkononi, nikiwapindua madikteta wa mabara manne. Sijui kama dikteta anaangushika kwa saladi.

Nilicheka peke yangu, nikaona heri nikuandikie wewe, maana hapa hakuna wa kucheka naye.

Nimefurahi mmefika Amman salama, wewe na Suhad na mama yake. Ombi lako nimelielewa. Unataka nithibitishe kwa maandishi kwamba mwaka 2003, ile miezi niliyotumwa na taasisi kwenda Baghdad kuwasaidia watu kuunda mabaraza ya mitaa, wewe ulikuwa mkalimani wangu. Na kwamba kwa sababu hiyo sasa unatafutwa, ili upate viza ya kuja huku. Kahtan, hilo la kuombwa? Ni haki yako. Nitaiandika. Ila sitaiandika kama makarani wanavyoandika. Mtu aliyekaa kando yangu kwenye lile gari bovu la kiyoyozi kibovu anastahili barua yenye uzito, inayosema kwa nini tulikuja na kwa nini watu kama wewe mlituamini. Nipe muda kidogo.

Siku hizi nafikiri sana. Mke wangu Marian angekuwa hai angesema ni dalili mbaya.

Wako,
Sanford Brodkin


Amman, 22 Oktoba 2006

Ustadhi Brodkin mpendwa,

Pole kwa msiba wa bata mzinga. Nimemweleza mama mkwe wangu, akauliza amekufa kwa ugonjwa gani.

Nakushukuru kwa kutaka kuniandikia barua yenye uzito. Nakuomba iwe nyepesi. Nimekwenda kwenye ofisi ya maombi ya viza. Mle kuna dirisha la pili, na nyuma ya dirisha kuna kijana wa Kijordani mwenye tai, amechoka kuliko sisi tuliopanga foleni.

"Barua ya mwajiri iko wapi, kaka?"

"Inakuja."

"Za watu wote zinakuja. Sikiliza: mistari mitatu. Ulimfanyia kazi nani, lini, na kwa nini hauko salama. Karatasi yenye nembo ya taasisi, sahihi ya bosi wako ambaye bado yuko kazini, wino wa kweli. Usiniletee nakala kivuli, usiniletee ya kompyuta."

"Bosi wangu ni profesa mkubwa sana."

"Profesa mkubwa anaweza kuandika mistari mitatu?"

Nikasema anaweza. Usiniaibishe, Ustadhi.

Hali yetu ni hii. Lile duka langu la kanda za video kule mtaa wa Karrada, Baghdad, ambamo nilijifunza Kiingereza changu chote kwa masherifu na mawakili wa sinema, wameliandika ukutani kwa rangi ya kijani: "Mkalimani, tunarudi." Mwandiko mzuri sana. Nadhani ni mteja wangu. Sikusubiri kujua ni nani. Mshirika wangu dukani alibaki wiki moja zaidi kuuza rafu, wakamkuta yeye.

Kibali chetu cha kukaa Jordan kinaisha mwisho wa Februari. Kukiongeza lazima uweke amana benki, na amana yetu ni nyumba iliyoko Baghdad. Suhad ni daktari wa meno na haruhusiwi kugusa jino la mtu katika nchi hii. Anamchungulia mama yake kinywani kila asubuhi ili asisahau kazi.

Mistari mitatu tu.

Mtumishi wako,
Kahtan al-Dabbagh


Washington, 19 Novemba 2006

Kahtan, ndugu yangu,

Umesikia uchaguzi wetu wa Bunge ulivyotukalia vibaya. Jumatano iliyofuata mezani kulikuwa kama matangani, ila matangani watu hula vizuri zaidi. Haverkamp akaanza:

"Wazo lilikuwa sahihi, Sandy." Wao huniita Sandy. "Kilichoharibika ni utekelezaji."

Nikamwambia, "Tangu lini tunasema hivyo sisi? Wakomunisti walisema maneno hayo hayo, wazo safi, watendaji wabovu, tukawacheka miaka arobaini."

"Unatulinganisha na wakomunisti?"

"Nauliza tu tofauti."

"Tofauti," akasema mtafiti wetu mpya, anayevaa tai ya kipepeo, "ni kwamba sisi tulihitaji askari wengi zaidi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa anaandika.

Mimi ndiye niliyewafundisha wote pale, Kahtan. Kwamba nguvu ya Marekani isipotumika inaoza. Kwamba mwanadamu yeyote, popote, ukimwondolea mwenye kiboko kichwani, atanyoosha mgongo mwenyewe na kupiga kura. Niliamini. Sasa nikiamka naona sentensi zile zimesimama kando ya kitanda kama wageni ambao hawajaambiwa muda wa kuondoka.

Barua yako nimeianza. Naambatanisha rasimu ya kurasa nne. Bado sijaisaini kwa sababu ukurasa wa tatu hauniridhishi. Pale ninapoeleza chimbuko la makosa, nasita. Ningependa unijibu swali moja: unadhani ulikuwapo wakati ambapo mambo yangeweza kwenda vinginevyo? Unakumbuka lile baraza la mtaa tulilolianzisha pamoja? Nimelitaja sana kwenye maandishi yangu.

Wako,
Sanford


Amman, 8 Disemba 2006

Ustadhi mpendwa,

Kurasa nne zimefika. Nilizipeleka dirishani, nikijua sahihi haimo, nikitumaini yule kijana ataona uzito wake. Alizisoma zote. Nyuma yangu watu wakaanza kupiga kelele: "Huyo anasomewa Kurani?" Alipomaliza akaniuliza kwa adabu kabisa, "Barua hii inamhusu nani?"

Nikamwonyesha jina langu. Liko ukurasa wa nne, karibu na mwisho, baada ya Vita Baridi.

"Kaka," akasema, "mwambie profesa anayo maumivu, na sisi tunasikitika naye. Halafu mwambie mistari mitatu."

Umeniuliza kuhusu baraza. Nakumbuka vizuri. Ulisimama juu ya kasha la soda ukawaeleza kura ya siri, nami nikatafsiri mpaka koo likakauka. Wakamchagua Hajji Mizhir mwenye jenereta. Ulinishika mkono kwa furaha, ukaniuliza wazee wanasema nini pale nyuma. Nikakutafsiria neno kwa neno: wanasema, mpeni tu huyu, la sivyo atatukatia umeme. Ukacheka, ukasema, "Maslahi! Hapo ndipo demokrasia huanzia!" ukaandika kwenye daftari lako "jumuiya ya kiraia imezaliwa." Mimi niliona ni sawa. Nilikuwa mgeni katika mambo ya uzazi.

Kwa hiyo jibu langu: ndiyo, mambo yangeweza kwenda vinginevyo. Mngeleta jenereta.

Mama mkwe anakusalimu. Au tuseme, amekutaja. Jana alikuwa anakaanga bilinganya, akasema: "Hao Wamarekani wako, serikali nzima waliiangusha kwa wiki tatu. Barua moja miezi mitatu inawashinda?" Suhad akamwambia, "Mama, kujenga ni kugumu kuliko kubomoa." Akajibu, "Basi waambie waibomoe hiyo barua, huenda ikatoka haraka."

Nakuomba, Ustadhi. Utasafisha ukurasa wa tatu baadaye, kwa ajili ya kitabu. Kwangu andika mistari mitatu kwenye karatasi yenye nembo, saini, weka stempu. Bado kuna wakati.

Wako mtiifu,
Kahtan


Bethesda, 16 Januari 2007

Kahtan, ndugu yangu,

Angalia anwani hapo juu. Nakuandikia nikiwa nyumbani, mchana wa siku ya kazi, nimevaa slipa. Nimejiuzulu.

Nilifanya Jumatano, kwenye chakula. Nilisimama na karatasi yangu, nikawasomea makala ambayo toleo la mwezi huu la jarida letu kuu limeichapisha, nimekutumia nakala. Niliwaambia hatukukosea njiani, tulikosea mlangoni. Wazo lenyewe ndilo lililoua. Kwamba tumekuwa wauza ndoto, na ndoto zenyewe tuliwauzia watu ambao hawakuja dukani. Nilimaliza. Haverkamp akasema, "Asante, Sandy. Kuna mwenye swali?" Kama vile nilikuwa nimewasilisha bajeti. Yule wa tai ya kipepeo akainyoosha mikono akaichukua kadi yenye jina langu kutoka mezani, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Sijui anaipeleka wapi.

Nilitoka nje bila koti. Kwa miaka mingi sijapumua hewa ya aina ile. Magazeti mawili yamepiga simu. Mwanafunzi wangu wa zamani ameniita msaliti, mwingine ameniita shujaa, na wote wawili walitaka niwaandikie utangulizi wa vitabu vyao.

Nawe sijakusahau. Barua yako iko humu, mistari mitatu kama ulivyotaka. Nilikuwa nimeketi ofisini siku ya mwisho, karatasi yenye nembo iko mbele yangu, kalamu mkononi, nikashindwa. Sikutaka jina lako liandikwe chini ya nembo ya watu walioiharibu nchi yako. Nimeandika kwenye karatasi yangu mwenyewe, kama mtu huru kwa mtu huru. Naamini utaielewa maana yake.

Wako siku zote,
Sanford


Amman, 2 Februari 2007

Ustadhi,

Hongera. Nasema kwa moyo, maana najua ni vigumu mtu kutoka kwenye meza ambako anajulikana.

Barua yako niliipeleka asubuhi hiyo hiyo ilipofika. Yule kijana aliisoma haraka, akatabasamu, mara ya kwanza kumwona meno. Kisha akaigeuza, akatazama nyuma, akaigeuza tena.

"Nembo iko wapi?"

"Ni profesa mwenyewe ameandika. Hii ni sahihi yake."

"Anafanya kazi wapi?"

"Amejiuzulu. Kwa sababu ya dhamiri."

"Lini?"

"Mwezi huu huu."

Akanirudishia karatasi taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala. "Kaka, hapa mimi naona barua ya mzee asiye na kazi anayeishi Bethesda."

Sikukuandikia wiki nzima kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kukosa adabu. Sasa naandika kilichobaki baada ya kukichuja mara nyingi, nacho ni hiki: Ustadhi, ulikosea miaka ishirini. Usingeweza kukosea miezi miwili zaidi?

Nisamehe. Suhad ameniambia nikifute nami nimekataa.

Ipo njia. Nyumbani kwako lazima ipo karatasi ya taasisi. Hakuna mtu anayeacha kazi bila kubeba karatasi. Chukua moja. Andika mistari ile ile, weka tarehe ya Disemba, ulipokuwa bado kazini. Kila neno litakuwa la kweli isipokuwa tarehe. Au rudi uwaombe wao waandike. Sijawakosea kitu, hata hawanijui.

Mwisho wa mwezi umekaribia. Mama mkwe ameacha kutania, na hilo ndilo linalonitisha.

Kahtan


Washington, 15 Februari 2007

Dk. Brodkin mpendwa,

Nimepokea ombi lako kuhusu Bwana al-Dabbagh, nikalifikisha kwa Dk. Haverkamp siku ile ile. Nimekutafutia pia kwenye kumbukumbu zetu. Jina lake halimo. Malipo yake yote uliyaandikisha kama "usafiri wa ndani," hivyo kwa upande wa hesabu zetu yeye ni teksi.

Hata hivyo, kwa kuwa wewe mwenyewe unathibitisha, Dk. Haverkamp yuko tayari kuisaini barua kwenye karatasi yetu. Ana jambo moja. Angependa uandike maelezo mafupi kwa jarida, ukisema maneno "wauza ndoto" na "wazo lenyewe ndilo lililoua" uliyaandika ukiwa katika majonzi ya kufiwa na mkeo, na kwamba unayaondoa. Anasema wafadhili wawili wanasubiri kuyaona hayo. Nilimwambia siyo vizuri kuunganisha mambo haya mawili. Akasema hayaunganishi, anayataja tu kwenye kikao kimoja.

Barua ya Bwana al-Dabbagh nimeshaichapa. Iko mezani kwangu, inasubiri sahihi tu. Ni mistari mitatu.

Nakuomba pia urudishe kadi ya maegesho.

Lorna Tilghman
Msimamizi wa Ofisi


Bethesda, 21 Februari 2007

Kahtan, ndugu yangu,

Nimejaribu taasisi. Haiwezekani. Hawana kumbukumbu yako na hawana nia. Sitakuchosha na undani wake; kuna milango ambayo mtu akishatoka hawezi kurudi bila kutambaa, na mimi nimetambaa vya kutosha nikiwa ndani.

Kuhusu karatasi, umesema kweli, ninayo rimu nzima kwenye droo. Jana niliitoa. Niliandika "11 Disemba," nikaiweka kalamu chini. Kahtan, vita vile vilianza kwa karatasi zilizosema yasiyokuwapo. Nilizisoma, nilizipongeza, nilizinukuu. Siwezi kuanza maisha yangu mapya kwa kutengeneza nyingine. Ukinielewa wewe, wengine wote wasiponielewa ni sawa.

Nimemwandikia seneta mmoja tuliyewahi kuzungumza naye kwenye sherehe. Nimeliandikia pia kanisa moja la Minnesota linalosaidia wakimbizi. Tusikate tamaa.

Wako,
Sanford


Amman, 8 Machi 2007

Ustadhi Brodkin,

Seneta hajajibu. Kanisa limejibu, watu wema sana. Wametutumia soksi za sufu.

Kibali kimekwisha na sasa kila siku tunayokaa hapa ina faini yake. Nimeamua nirudi Baghdad mwenyewe, haraka, niiuze nyumba kwa bei yoyote, nije niweke amana benki. Suhad amepiga kelele. Mama yake ameninyooshea kidole: "Wewe nenda, ukidhani bado ni sinema zako. Sherifu harudi mjini peke yake isipokuwa ameandikiwa kurudi." Halafu akanifungia mkate na mayai ya kuchemsha, akaingia chumbani akafunga mlango.

Basi la kesho kutwa limejaa. Nimepata nafasi Jumapili.

Kabla sijaondoka nimeisoma tena makala yako, kwa utulivu. Imeandikwa vizuri. Ukurasa wa pili kuna "dereva mmoja wa Kiiraki" aliyekuambia jambo la hekima. Aliyelisema ni mimi, na sikuwa dereva. Dereva alikuwa Abu Layth, na yeye hakufungua mdomo miezi yote ile ila kusema mafuta yamekwisha.

Lakini siyo hilo. Zamani uliandika kwamba Mwiraki anautaka uhuru sawasawa na mtu wa Ohio, kwa hiyo twendeni. Sasa umeandika kwamba jamii kama yetu haikuwa tayari, kwamba desturi za watu hazibadilishwi na vifaru, kwa hiyo tubakini nyumbani. Watu watakusifu kwamba umegeuka. Mimi sioni ulipogeukia. Mara zote mbili ulikuwa unaeleza mimi ni mtu wa namna gani, na mara zote mbili nilikuwa kwenye gari, kiti cha kando. Ungegeuza shingo tu.

Ungeniuliza ningekuambia nilitaka yule dikteta wetu aondoke. Mjomba wangu walimchukua mwaka 1983 akiwa na pajama na mswaki mdomoni. Mlipokuja nilifurahi, sitakana, hata leo mbele ya yule aliyeniandikia kwa rangi ya kijani sitakana. Kisha nilitaka umeme, polisi asiyeiba, na mtu wa kusimama mlangoni pa hospitali ili waporaji wasibebe vitanda. Hilo wala siyo wazo. Halihitaji taasisi wala kujiuzulu kwenye taasisi.

Umesema huwezi kuanza maisha yako mapya kwa uongo. Nimekuelewa, kama ulivyoomba. Umeanza kuwa mwaminifu, na wa kwanza kulipia ni mimi. Nilikuwa wa kwanza hata mlipoanza kuwa majasiri.

Sina kinyongo. Niombee nyumba ipate mnunuzi.

Kahtan


Bethesda, 20 Machi 2007

Bi Tilghman,

Mwambie Haverkamp amepata alichotaka. Nimeliandikia jarida asubuhi hii. Nakala hii hapa. Nimesema nilikuwa nimefiwa. Marian ana miaka minne kaburini, lakini tuseme huzuni ilichelewa njiani. Maneno yote mawili nimeyaondoa, na la tatu ambalo hakuniomba, ili asije akanirudia. Akitaka nije Jumatano nikae kwenye kiti changu mbele ya wafadhili wake, nitakuja, na saladi nitaila.

Ninachokuomba ni kimoja. Barua iliyo mezani kwako isainiwe leo, uitume leo, kwa njia ya haraka kuliko zote, na gharama unitumie mimi. Bwana al-Dabbagh asiandikwe dereva. Andika mkalimani.

Nimechelewa mwezi mzima kukuomba hili. Nilikuwa nashughulika na dhamiri yangu.

S. Brodkin

Kadi ya maegesho imo ndani ya bahasha.


Amman, 13 Aprili 2007

Profesa Brodkin,

Mimi ni Suhad, mke wa Kahtan. Kiingereza changu ni cha kiti cha daktari wa meno: fungua, funga, inauma hapa? Utanisamehe.

Barua ya taasisi imefika, na ndani yake kipande cha karatasi chenye maelezo yako kwa jarida. Hicho sikukielewa. Kinasema ulikuwa na majonzi. Pole sana kwa mkeo.

Karatasi ni nzito na nembo ni nzuri. Mama aliipapasa akasema, kumbe ni hii tu.

Kahtan aliondoka Jumapili ile, tarehe kumi na moja Machi. Alipiga simu akiwa Ramadi, akapiga tena akiwa nyumbani, akasema jirani anaitaka nyumba ila anasuasua, akacheka, akasema Hajji Mizhir bado ana jenereta. Baada ya hapo simu yake iliita bila kupokelewa siku kadhaa, sasa haiiti. Kaka yake amezunguka hospitali zote. Amekwenda na kule kwingine wanakokwenda watu, akarudi, akasema hajamwona, lakini wengine huwezi kuwatambua.

Jana nilivaa vizuri, nikaenda dirisha la pili. Yule kijana mwenye tai aliisoma barua mara moja, akaiweka chini, akapiga mhuri wa tarehe kwa mkono wake mwenyewe. Akasema, "Hii ndiyo hasa. Mbona haikuja hivi tangu mwanzo?" Nikasema, sijui. Akauliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia.

Akainama, akapekua karatasi muda mrefu, nadhani hakuwa anatafuta kitu. Kisha akanieleza utaratibu: mwombaji hufika mwenyewe.

Suhad